Tunda Lililochumwa Bado Lina Uhai

Hotuba hii ilitolewa mjini Mombasa mbele ya wakulima, wachuuzi na wasindikaji wa matunda. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu wakulima mliotoka Kwale na Kilifi kabla ya jua kuchomoza, na nyinyi wenzangu wa soko la Kongowea mlioziacha meza zenu asubuhi hii mkaja kunisikiliza: Assalaam aleikum, na kwa wale tusiosalimiana hivyo, hamjambo nyote.

Mlipokuwa mkiingia mliyaona matenga matatu kando ya mlango. Yote yana maembe ya ngowe, na yote yalichumwa jana katika shamba moja, kwenye miti ileile. Mama mmoja ameniuliza kama yanauzwa. Hayauzwi, mama yangu, na nawaombeni msiyaonje, nitayarudia mwishoni.

Nianze na swali. Embe likishakatwa kikonyo, likatiwa tengani, likapandishwa lori na kushushwa sokoni, je, embe hilo limekufa? Nauliza kwa sababu tunalitendea kama maiti. Tunalirusha, tunalikalia, tunaliacha juani, kisha likianza kuoza tunauliza ni dawa gani ya kulipaka. Lakini mtu akitia mkono katikati ya tenga lililojaa maembe na kufunikwa gunia tangu jana, atahisi joto. Joto hilo limetoka wapi? Limetoka kwa maembe yenyewe, maana yanapumua: yanavuta oksijeni, yanachoma sukari yao, yanatoa hewa ya kaboni na joto. Embe lililochumwa lina uhai, na kilicho hai hujitetea. Hilo ndilo neno lililonileta hapa leo. Viambato vya asili tunavyovisikia sana siku hizi, vya kuhifadhi matunda na kuyakinga na magonjwa, vingi vyao hufanya kazi kwa sababu tunda bado lipo hai na linaweza kusaidiwa kujilinda.

Jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2019, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba asilimia 14 hivi ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika madukani, na kwa matunda na mboga hasara huwa kubwa kuliko kwa nafaka. Nyinyi wa Kongowea hamhitaji takwimu hiyo. Mnaiona kila jioni kwenye jaa la soko.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na shimo la kuvundikia ndizi nyuma ya nyumba. Alilitandika majani makavu ya mgomba, akapanga ndizi, akachoma makumbi ya nazi pembeni na kuuelekeza moshi shimoni, kisha akafunika kwa majani na udongo. Nilipomuuliza moshi ni wa nini, alinijibu kwamba ndizi zinataka joto. Nikaamini, na nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima nilipojua kwamba kazi yake ilikuwa sahihi na sababu yake haikuwa sahihi. Na hakukosea peke yake. Huko California, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, wakulima wa malimau walikuwa wakiyaweka malimau mabichi katika vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa ili yageuke manjano, nao pia waliamini kwamba ni joto. Walipobadilisha majiko hayo na kutumia vipasha joto visivyotoa moshi, malimau yalikaa na ukijani wake. Mwaka 1924 mtafiti Frank Denny akaonyesha kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni gesi iliyomo katika moshi, gesi inayoitwa ethilini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1934, Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yanayoiva huitoa gesi hiyohiyo yenyewe.

Mmeona hapo? Bibi yangu alikuwa akizungumza na ndizi kwa lugha yake. Na wahenga waliosema kwamba samaki mmoja akioza wote huoza wangeweza kusema hivyohivyo juu ya maembe, maana embe moja lililoiva kupita kiasi, au lililopondeka, hutoa ethilini na kuyaamuru mengine yote tengani yaive upesi. Kuliondoa embe hilo ni uhifadhi wa kwanza, na hauna gharama. Nami nikiwa hapo, niwaseme kidogo wale wanaovundika maembe kwa kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kulehemu. Kabaidi ikipata unyevu hutoa gesi nyingine, asetilini, inayoiga kazi ya ethilini, lakini ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Embe linapata rangi ya nje huku ndani halijawa tamu, na mnunuzi anakula hatari asiyoijua. Sina neno laini la kulielezea jambo hilo.

Nije sasa kwenye ugonjwa wenyewe. Wengi wenu mnaujua kwa macho: embe limefika zima, limeng'aa, halina doa, siku ya nne au ya tano linatoa alama nyeusi kama matone ya wino, alama zinakutana, linabonyea, limekwisha. Ni ugonjwa wa chule, unaoletwa na kuvu. Mnunuzi anarudi na kumgombeza mchuuzi, mchuuzi anampigia simu dereva, dereva anasema yeye aliyachukua yakiwa mazima. Nani mwenye kosa?

Ndugu zangu, mara nyingi kuvu hiyo iliingia miezi kadhaa kabla, embe lilipokuwa ua, au likiwa dogo kama yai la njiwa. Mvua na umande huzirusha mbegu zake kutoka kwenye majani na vijiti vikavu vya mwembe hadi kwenye tunda changa. Mbegu inaota, inajishikiza kwenye ganda, inaanza kupenya, kisha inasimama. Inalala. Kwa nini inalala? Kwa sababu ganda la embe bichi lina kemikali zake, jamii ya risosinoli, ambazo kuvu haiziwezi, na katika mishipa ya ganda umejaa utomvu, huuhuu unaotuchoma midomo, ambao nao ni silaha. Tunda likianza kuiva, kemikali hizo hupungua. Mlinzi anasinzia, na mwizi aliyekuwa amejibanza ukutani miezi yote hiyo anaingia ndani.

Nilifahamu maana ya utomvu kwa kumtazama mzee mmoja wa Kilifi anayechuma maembe kwa ajili ya familia yake tu. Vijana wake walikuwa wakitikisa matawi. Yeye alipanda na kisu, akikata kila embe na kipande cha kikonyo kirefu kama kidole gumba. Nilimwambia anapoteza muda. Akanijibu, «Likichunika kikonyo, linalia, na likishalia halikai.» Utomvu ukimwagika juu ya ganda huliunguza na kuacha mabaka; na ukitoka wote, tunda limepoteza sehemu ya kinga yake, mbali na kwamba pale kikonyo kilipong'oka pamebaki mlango wazi wa kuvu inayoozesha embe kuanzia shinani. Mzee yule hakuwahi kusikia neno risosinoli. Alikuwa akihifadhi viambato vya asili mahali vilipowekwa na Mwenyezi Mungu.

Basi, kama tunda lina silaha zake, je, yawezekana kulizindua lizitumie tena? Hapa naomba niwapeleke kwenye ua mnalolijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Nazungumzia asmini. Hakuna arusi ya Mombasa isiyo na asmini, hakuna mama hapa asiyeijua harufu yake jioni. Katika mafuta ya ua la jamii hiyo, mwaka 1962, wanakemia walitenga kiambato kimoja wakakiita kwa jina la ua lenyewe, methili jasmoneti. Kwa miaka mingi kilikuwa ni habari ya watengeneza manukato. Kisha mwaka 1990, katika jimbo la Washington huko Marekani, Edward Farmer na Clarence Ryan wakafanya jaribio ambalo mimi huwa sichoki kulisimulia. Waliweka mche wa nyanya ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na matawi ya kichaka kimoja cha nyikani ambacho nacho hutoa harufu hiyo. Mche haukuguswa, haukukatwa, haukuumwa na mdudu. Lakini majani yake yakaanza kutengeneza protini zinazomzuia mdudu kumeng'enya chakula, kana kwamba adui amekwisha kufika.

Fikirini jambo hilo. Harufu ile tunayoivaa nywelani kwa furaha, kwa mmea ni mbiu ya mgambo. Ikilia, kuna jambo.

Watafiti baadaye wakajaribu mbiu hiyo kwenye matunda yaliyokwisha kuchumwa, na matunda yakaitikia, maana, narudia, yapo hai. Kwa maembe faida yake moja inatuhusu sana. Embe ni mtoto wa joto. Ukiliweka kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 12 au 13 hivi za Selsiasi kwa siku nyingi, ganda linafanya mashimo na weusi, na halitaiva vizuri tena. Nimewaona watu wakiyatia maembe mabichi katika friji za samaki na kushangaa. Katika majaribio, maembe yaliyofukizwa kwa mvuke kidogo wa methili jasmoneti kabla ya kuingizwa baridini yaliumia kidogo kuliko yale yasiyofukizwa. Sisemi mwende mkamwage vikuba vya asmini juu ya matenga! Kiasi kinachotumika hupimwa kwa uangalifu katika chumba kilichofungwa, nacho si cha kupatikana kwenye ua la kikapuni. Ninachosema ni kwamba tunda husikia.

Husikia na mengine pia. Mama zangu mnaomenya kamba na kaa, maganda yake mnayapeleka wapi? Yanatupwa, yananuka, yanaleta nzi. Katika maganda hayo mna kitu kigumu kiitwacho kaitini, na kitu hichohicho kimo katika kuta za seli za kuvu. Mfaransa Henri Braconnot alikiona kwanza katika uyoga mwaka 1811, na mwaka 1859 Mfaransa mwingine, Charles Rouget, akakichemsha kwa magadi makali kikageuka kuwa kitu kinachoweza kuyeyuka katika asidi dhaifu kama ya siki. Hicho ndicho kaitosani.

Sasa kaitosani inamfanya nini embe? Mosi, inafanya utando mwembamba usioonekana, unaopunguza upumuaji na upoteaji wa maji, kwa hiyo tunda linakawia kuiva na kunyauka. Pili, inaiumiza kuvu yenyewe. Lakini la tatu ndilo lililonivuta mimi. Mmea kwa maelfu ya vizazi umeshambuliwa na kuvu, na umejifunza kuzitambua chembe za kuta zake kama mlinzi anavyozitambua nyayo za mwizi. Ukilipaka tunda kitu kilichotokana na kaitini, linadhani mwizi yupo mlangoni na kuanza kutengeneza silaha, vikiwemo vimeng'enya vinavyokata kuta za kuvu. Tunalidanganya kwa faida yake. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliiruhusu chumvi ya kaitosani kutumika kwa kazi hiyohiyo ya kuiamsha kinga ya mimea.

Ningependa kusema kwamba kesho mama mmoja wa Likoni ataanza kuitengeneza jikoni. Hapana. Kuyaondolea maganda chokaa kunataka asidi kali, na kuigeuza kaitini kunataka magadi ya viwandani yaliyochemka, yanayoweza kumpofusha mtu kwa tone moja. Hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa, na huenda ni kazi nzuri kwa vijana wetu waliosoma kemia wakakosa ajira, kwa kuwa kamba wa Ghuba ya Ungwana na maembe ya Malindi yanakaa jirani. Jambo jingine: wapo wateja wetu, hasa ndugu zetu Wahindi wasiokula kiumbe chochote, ambao hawatalitaka tunda lililopakwa kitu cha kamba. Lazima waambiwe. Ipo kaitosani inayotokana na uyoga, na kwao hiyo ndiyo njia. Na utando ukizidi unene, embe linakosa hewa, linachacha ndani kwa ndani na kunuka kama tembo la mnazi. Hilo nimelionja.

Hapa nikiri kosa jingine, maana mnanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuharibu kitu. Niliposoma kwamba mafuta ya karafuu yana yujinoli, na kwamba yujinoli huzitoboa seli za kuvu, nilijiona nimefika. Karafuu ya Pemba ipo, mafuta yapo, nikachovya maembe ya batawi sanduku zima. Siku ya tatu maganda yalikuwa na madoa ya kahawia pale tone zito lilipotuama. Mafuta yalikuwa yameliunguza ganda lenyewe. Yale machache yaliyonusurika niliwapa jirani zangu. Mmoja akanirudishia sahani akisema, kwa adabu zote, kwamba hajapata kula embe lenye ladha ya pilau.

Kwa hiyo nawaombeni, neno «asili» lisitupumbaze. Mhogo mchungu una sumu ya asili, na bibi zetu walijua kuuloweka na kuuanika kabla ya kuula. Kemikali nyingi za mimea ni silaha, zimetengenezwa ili kuua au kufukuza, na silaha hupimwa. Mafuta ya karafuu, ya mdalasini na ya mchaichai hufanya maajabu kwenye kisahani cha maabara dhidi ya kuvu ya chule, lakini sokoni huvukizwa na joto letu, na kipimo kinachotosha kuiua kuvu kiko karibu sana na kipimo kinacholiharibu tunda. Anayekuuzia chupa isiyo na kipimo wala usajili, hata akiichora majani mabichi kwenye lebo, mrudishie chupa yake.

Kiambato kimoja nakipa matumaini zaidi. Mnaijua harufu ya nyasi zilizofyekwa sasa hivi? Mojawapo ya vinavyoifanya ni heksanali, ambayo mimea huitoa inapojeruhiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, waligundua kwamba inakizuia kimeng'enya kinachobomoa utando wa seli tunda linapoiva na kuzeeka. Teknolojia hiyo ilijaribiwa India na Sri Lanka, kisha Tanzania na hapa Kenya, ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki. Uzuri wake ni kwamba hunyunyizwa mtini kabla ya mavuno, matunda yakakawia kuiva na mkulima asilazimike kuuza kwa bei ya kutupa siku ile ambayo kila mtu ana maembe. Nta ya nyuki na ute wa mshubiri navyo vina nafasi yake. Sitavizungumzia leo kwa kuwa muda unakimbia.

Kabla ya yote hayo kuna kivuli, kuna kisu badala ya kutikisa, na kuna maji ya moto. Maembe yakichovywa katika maji ya nyuzi 55 kwa dakika 5, kuvu ya chule iliyolala ganda la juu hudhoofika sana. Lakini ni 55 kwa kipimajoto, wala si kwa kidole. Yakizidi kidogo yanaliunguza embe, yakipungua yanakuwa kuoga tu.

Narudi kwenye matenga yetu. Kila moja lina maembe 30, na yote yalichumwa na vikonyo vyake. Moja halikufanyiwa lolote. La pili lilipita katika maji ya moto niliyoyataja. La tatu lilipita majini, likakaushwa, kisha likapakwa kaitosani nyepesi. Lipi ni lipi? Mimi sijui. Nilimwomba mzee wetu wa soko aweke alama chini ya matenga na kuyachanganya nikiwa nje, maana mtu anayependa jambo lake huona anachotaka kuona. Yatakaa hapahapa ukumbini, kivulini, bila friji, katika joto hilihili la Mombasa. Siku ya kumi kuanzia leo, baada ya swala ya alasiri, tutayafungua pamoja. Kila mchuuzi atasimama mbele ya kila tenga na kutaja bei ambayo angelinunua, nasi tutaiandika ukutani kabla mzee hajazigeuza alama. Visu njooni navyo.